Luria: Profesa aliyerudi darasani, akatufundisha kusoma ubongo

Weka simu mezani dakika moja. Piga meza kwa ngumi. Halafu piga kwa ukingo wa kiganja, kama mtu anayekata mkate. Halafu laza kiganja chote. Ngumi, ukingo, kiganja. Rudia mara tano bila kuchanganya, kisha ongeza kasi.

Umeweza? Poa. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile iliyo nyuma ya paji la uso, ndiyo hupanga hatua kama hizo. Ukikosea kidogo usikimbie hospitali, pengine una haraka tu. Lakini kuna watu wenye mikono yenye nguvu kuliko yako na yangu ambao hawawezi kabisa. Wanapiga ngumi, ngumi, ngumi. Hata ukiwaonyesha hatua inayofuata, mkono unakataa kubadilika. Daktari anayejua kazi yake akiona hivyo anaanza kuuliza maswali kuhusu kilichotokea huko mbele ya ubongo.

Jaribio hilo nilionyeshwa na rafiki yangu tuliyeingia naye chuo siku moja. Yeye sasa yuko mwaka wa nne, anasomea saikolojia ya kitabibu na kuandika mradi wake wa mwisho. Mimi niliishia mwaka wa pili. Mzee wangu, dereva wa matatu tangu nikiwa mdogo, alipatwa na kiharusi, na pesa zilizokuwa za karo zikamezwa na hospitali. Hakuna aliyenifukuza. Niliacha tu kwenda. Muhula mmoja ukawa miwili, basi.

Mzee alirudi nyumbani akitembea, lakini maneno yalikuwa yamepotea. Akitaka chai anataja jina la steji. Akitaka kuniita anataja jina la marehemu ndugu yake. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba ameruka akili, wengine wakasema karogwa. Nami, na miaka yangu miwili ya saikolojia kichwani, sikuwa na la kuwajibu. Nilipomweleza rafiki yangu, alinitumia lile jaribio la ngumi na jina moja la mtu: Luria.

Tangu siku hiyo nimemfuatilia kwa bando za usiku. Wacha nikusimulie.

Alexander Romanovich Luria alizaliwa Julai 16, 1902, katika mji wa Kazan, Urusi, kando ya mto Volga. Babake, Roman, alikuwa daktari wa magonjwa ya tumbo. Mamake alikuwa daktari wa meno. Ilikuwa familia ya Kiyahudi, na chini ya utawala wa mfalme wa Urusi, vyuo vikuu viliweka kiwango cha Wayahudi wangapi wanaweza kuingia. Yaani hata ukiwa na alama zote, mlango ungeweza kufungwa kwa sababu ya jina la ukoo.

Kisha yakaja mapinduzi ya 1917. Luria alikuwa na miaka 15. Milango iliyokuwa imefungwa ikafunguka ghafla, na vijana wakamiminika. Alimaliza shule haraka haraka, na mwaka 1918, akiwa na miaka 16, akaingia Chuo Kikuu cha Kazan.

Ukidhani chuo chako kina vurugu, sikia hii. Wahadhiri waliozoea kufundisha sheria za dola ya zamani walijikuta dola yenyewe haipo. Walipaswa kufundisha kuhusu jamii mpya ambayo hata wao hawakuijua. Wanafunzi walishinda kwenye mikutano na mijadala kuliko darasani. Nje kulikuwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe, na baadaye njaa iliyoua mamilioni ya watu katika eneo lote la Volga. Kwa kifupi, Luria alijisomesha mwenyewe. Alisoma kila kitabu alichokipata, akijiuliza swali moja: unawezaje kuisoma akili ya mtu kwa njia ya kisayansi bila kumsahau mtu mwenyewe?

Alihitimu mwaka 1921, akiwa na miaka 19. Babake alitaka mwanawe awe daktari kama yeye, na kijana akajiandikisha kusomea udaktari. Lakini moyo wake ulikuwa kwingine, na masomo hayo aliyaacha njiani. Kwa lugha yetu ya mtaani, mtu mkubwa kama huyo aliwahi kuacha chuo.

Ila hakukaa bure. Alianza jarida la kisayansi wakati nchi nzima haikuwa na karatasi. Unajua alitoa wapi karatasi? Kiwanda cha sabuni. Ilikuwa ile ya manjano ya kufungia vipande vya sabuni. Alisafiri hadi Petrograd kumwomba Vladimir Bekhterev, mmoja wa wanasayansi wakubwa wa ubongo wa zama hizo, akubali jina lake liwekwe kwenye jarida hilo. Mzee akakubali, kwa sharti kwamba somo lake litajwe kwenye kichwa cha jarida. Deni likalipwa.

Tena alianzisha chama kidogo cha watu waliopenda mafunzo ya Sigmund Freud, akamwandikia barua Freud mwenyewe huko Vienna. Freud akajibu, akimwandikia kwa heshima zote kama rais wa chama. Rais mwenyewe ni kijana aliyetoka chuo juzi. Sisi hapa tunaogopa kumwandikia baruapepe mhadhiri.

Mwaka 1923 aliitwa Moscow, kwenye Taasisi ya Saikolojia. Alikuwa na miaka 21. Huko akabuni njia ya kupima kile mtu anachoficha. Unakaa, unashika kifaa cha kubonyeza, unasomewa maneno mmoja mmoja. Kila neno likisomwa, unataja neno la kwanza linalokujia na kubonyeza papo hapo. Neno likigusa jambo linalokuuma, mkono unatetemeka au unachelewa hata kama uso umetulia. Alilijaribu kwa wanafunzi waliokuwa wakingoja kuitwa mbele ya kamati ya kufukuza watu chuoni, na kwa washukiwa wa mauaji. Kitabu chake kuhusu kazi hiyo kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1932, na wengi humhesabu miongoni mwa watangulizi wa mashine za kutambua uongo.

Miaka hiyohiyo alikuja kwake mwandishi wa habari aliyeitwa Solomon Shereshevsky. Alikuwa ametumwa na mhariri wake, ambaye alishangaa kwamba jamaa haandiki chochote mkutanoni na bado anakumbuka kila neno. Luria akamsomea orodha ya maneno 30, 50, 70. Akayarudia yote, kuanzia mbele na hata kuanzia nyuma. Baada ya miaka 15 na zaidi, bila kuonywa, aliulizwa orodha ileile na akaitaja.

Unaweza kusema huyo angepasua mtihani wowote. Kumbe haikuwa baraka. Kila sauti kwake ilikuwa na rangi na ladha, kila neno lilileta picha, na picha zilikuwa nyingi hadi maana ya hadithi ikazama. Nyuso za watu zilimchanganya kwa sababu kila zikibadilika kidogo aliziona mpya. Shida yake kubwa ilikuwa kusahau. Luria alimfuatilia kwa karibu miaka 30 na kitabu chake juu ya mtu huyo kikatoka 1968. Alitaka kujua kumbukumbu hiyo imemfanya Shereshevsky kuwa mtu wa aina gani, zaidi ya kuhesabu maneno aliyokumbuka.

Mwaka 1924, kwenye kongamano huko Leningrad, mwalimu wa shule kutoka mji mdogo wa Gomel alisimama kuhutubia. Jina lake Lev Vygotsky. Alizungumza bila kusoma, na Luria aliduwaa. Baadaye Vygotsky alihamia Moscow, na pamoja na Alexei Leontiev wakawa kundi la watu watatu. Wazo lao lilikuwa hili: akili haikui peke yake ndani ya fuvu. Inajengwa na lugha, zana na watu wanaokuzunguka.

Walimwona mgonjwa wa Parkinson ambaye hakuweza kutembea sakafuni hatua mbili tatu, lakini ngazi alipanda vizuri. Wakatandaza vipande vya karatasi sakafuni. Mgonjwa akaanza kuviruka kimoja baada ya kingine, na akavuka chumba. Miguu ilikuwa nzima. Kilichoharibika ni njia ya ndani ya kuiamrisha, kwa hivyo wakampa njia ya nje. Soma hapo tena, kwa sababu maisha yote ya Luria yamo katika vile vipande vya karatasi.

Mwaka 1931 na 1932 aliongoza safari za utafiti huko Uzbekistan, akizungumza na wakulima ambao hawakuwahi kwenda shule. Aliwauliza mafumbo ya kimantiki. Huko kaskazini mbali kwenye theluji, dubu wote ni weupe. Mji fulani uko kaskazini mbali. Dubu wa huko wana rangi gani? Wengi walijibu kwamba hawajawahi kufika huko, aulizwe aliyefika. Luria akahitimisha kuwa shule hubadilisha namna ya kufikiri, na mtu akianza kusoma huanza kucheza na mambo ambayo hajayaona.

Hapa mimi nina neno. Nyanya yangu angemjibu vivyo hivyo, na si kwa upumbavu. Kusema usichokijua ni kosa kubwa kwake kuliko kukosa swali. Lakini Luria hakushambuliwa kwa sababu hiyo. Wakubwa wa chama walimlaumu kuwa amewadharau watu wa Uzbekistan wakati nchi ilikuwa inajitangaza kuwa ya usawa. Matokeo hayo yalikaa kabatini hadi miaka ya 1970 ndipo yakachapishwa kikamilifu.

Mambo yakazidi kuwa moto. Juni 1934 Vygotsky alikufa kwa kifua kikuu akiwa na miaka 37 tu. Mwaka 1936 serikali ilipiga marufuku tawi zima la elimu ya watoto ambalo Vygotsky alikuwa amehusishwa nalo, na maandishi yake yakawekwa kando. Hizo ndizo zama za Stalin. Watu walikuwa wanatoweka usiku.

Sasa fikiria uko mahali pake. Wewe ni profesa. Kitabu chako kinasomwa Marekani. Unafanya nini? Luria alirudi darasani. Zile digrii za udaktari alizoziacha Kazan akazifuata Moscow, akaketi na vijana waliokuwa wakijifunza majina ya mifupa, akafanya mitihani kama wao. Alihitimu mwaka 1937, mwaka aliotimiza miaka 35. Huenda darasa hilo ndilo lililomweka mbali na macho mabaya. Na babake mwishowe akapata daktari aliyemtaka.

Kisha akaingia hospitali ya upasuaji wa ubongo jijini Moscow, na mwaka 1941 vita vikafika. Wanajeshi walianza kurudi na risasi vichwani. Luria alitumwa milima ya Ural, mahali panapoitwa Kisegach, akageuza nyumba ya mapumziko ya vitanda 400 kuwa hospitali ya kuwarudishia waliojeruhiwa ubongo uwezo wao wa kusema, kusoma na kufanya kazi.

Mmoja wa wagonjwa wake alikuwa Lev Zasetsky, mwanafunzi wa chuo cha ufundi aliyeitwa vitani. Machi 1943, akiwa na miaka 23, risasi iliingia upande wa kushoto wa kichwa chake, sehemu ya nyuma. Alinusurika, lakini dunia ikavunjika vipande. Upande wa kulia wa kila kitu haukuonekana. Hakujua mkono wake uko wapi. Herufi alizozijua tangu utotoni zilikuwa kama michoro ya wageni. Kurudi chuo ilikuwa ndoto tu.

Walipokuwa wakimfundisha kuandika herufi moja moja kama mtoto, ilikuwa taabu tupu. Kisha wakamwambia aandike neno zima kwa mara moja, bila kuinua mkono, bila kufikiria herufi. Mkono ukaandika. Ubongo ulikuwa umesahau herufi, lakini wimbo wa mkono ulikuwa bado upo. Shida ni kwamba alichoandika hakuweza kukisoma. Hata hivyo aliandika kwa miaka 25, siku nyingine sentensi chache tu, hadi zikafika kurasa zipatazo 3,000 za maisha yake. Luria alizichukua, akaongeza maelezo yake, na kitabu kikatoka mwaka 1971. Nadhani hakuna mwanafunzi aliyewahi kufanya mradi mrefu kama wa Zasetsky.

Kutoka kwa wagonjwa hao Luria alijenga somo ambalo leo linaitwa nyurosaikolojia. Kabla yake kulikuwa na pande mbili. Upande mmoja ulisema kila uwezo una chumba chake kwenye ubongo. Mwingine ukasema ubongo wote hufanya kila kitu. Luria alisema hapana kwa wote wawili.

Nitakueleza kwa lugha ya nyumbani kwetu, yaani matatu. Kwanza lazima injini iwake. Hiyo ni sehemu ya chini kabisa ya ubongo, inayokuweka macho. Pili, kuna konda, anayeangalia nani kaingia, nani kalipa, nani anashuka wapi. Hizo ni sehemu za nyuma, zinazopokea na kupanga habari kutoka machoni, masikioni na mwilini. Tatu, kuna dereva, anayejua tunaenda wapi na kubadilisha njia kukiwa na msongamano. Hiyo ni sehemu ya mbele. Kusema, kuandika, hata kupiga hesabu ni safari nzima, na kila mmoja ana kazi yake.

Kwa hivyo safari ikikwama, usiandike tu kwamba matatu haikufika. Angalia imekwama vipi. Injini ikizima ni tofauti na konda kukosekana, na konda kukosekana ni tofauti na dereva kusinzia. Ndiyo maana Luria hakuridhika na alama za mtihani. Alitazama aina ya kosa. Wagonjwa wawili wanaweza kushindwa kuandika jina, mmoja kwa sababu hasikii tofauti za sauti, mwingine kwa sababu mkono hauwezi kutoka herufi moja kwenda nyingine. Alama yao ni sifuri wote wawili, lakini tiba ni tofauti kabisa.

Baada ya vita hakupewa maua. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, siasa zilipoingia tena katika sayansi na Wayahudi wakaandamwa, alipoteza kazi yake kwenye taasisi ya upasuaji wa ubongo. Akaenda kufanya kazi na watoto wenye ulemavu wa akili, akaendelea kuandika. Stalin alikufa Machi 1953, na kabla ya muongo huo kuisha Luria alikuwa amerudi kwa wagonjwa wake. Kitabu chake kikuu kuhusu kazi za juu za ubongo kilitoka 1962. Kingine, kilichofupisha maisha yake yote ya utafiti, kilisomwa kwa Kiingereza kuanzia 1973. Mwaka huohuo alianza kuandikiana barua na daktari kijana, Oliver Sacks, ambaye baadaye alikuja kuwa maarufu duniani kwa kuandika wagonjwa kama watu wenye hadithi. Alijifunza hilo kwa Luria.

Alikufa Moscow Agosti 14, 1977, kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 75. Hadi leo, anayesomea saikolojia ya kitabibu hawezi kumkwepa. Atakutana naye kwenye lile jaribio la ngumi, kwenye vipimo vinavyobeba jina lake, na kwenye swali la mtihani linalomtaka ataje zile sehemu tatu.

Sitakudanganya kwamba kisa chake ni sawa na changu. Yeye alirudi darasani akiwa na jina na kazi. Mimi nikirudi lazima nitafute karo, na kwa sasa hesabu haijakubali. Lakini nimeacha kuona miaka ile miwili kama hasara. Mtu alirudi kwenye udaktari zaidi ya miaka kumi baada ya kuuacha. Fomu zangu bado ziko kwenye bahasha.

Na mzee? Hajarukwa na akili. Hali yake inaitwa afasia. Anajua anachotaka, ila njia ya kulifikia neno imekatika. Mtaalamu wa matamshi ametuambia tuzungumze naye polepole, jambo moja kwa wakati, na tuzime redio. Pia nimechora kwenye kadi picha ya kikombe, ya choo, ya redio, ya sura yangu. Hizo ndizo karatasi zetu za sakafuni. Jumanne iliyopita aliigusa kadi ya kikombe, akanitazama, akasubiri. Jina la steji halikutoka. Nikamletea chai.

Ukiona mtu wako mdomo umepinda upande mmoja, mkono umelegea ghafla au maneno yamevurugika, usisubiri kesho na usisikilize majirani. Mkimbize hospitali saa hiyohiyo.